Herufi za Dirishani

9 Februari

Baba mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute na nguvu zako. Mimi sijambo, ila dawa za maabara zimenikausha mikono mpaka inafanana na yako enzi za kiwanda cha uchapaji, ulipokuwa ukinawa wino kwa mafuta ya taa. Ningepiga simu, lakini masikio yako yaliliwa na mitambo, na nikipaza sauti wenzangu hapa wananitolea macho.

Umeniuliza nafanya nini huku kutwa nzima, kwa kuwa shangazi anatangaza kwamba mimi ni daktari na watu wanamletea magoti yao. Mwambie sijui magoti. Nachunguza vijidudu vya kifua kikuu, vile vile vilivyokulaza nilipokuwa mdogo. Mwilini kuna seli ambazo kazi yake ni kumeza kila mvamizi. Kijidudu hiki kinamezwa kama wengine, halafu kinagoma kufa, kinafanya makao humo humo tumboni mwa askari. Nataka kujua kinawezaje.

Unakumbuka kasha lako la herufi za madini ya risasi, zile za kupangia maneno ya kuchapwa? Herufi zote zilikuwa mle, kila moja na kijumba chake. Ukikuta mwenzako ameshaanza kazi, ulitazama vijumba vilivyopungua ukasema, "Leo ni kadi za harusi." Basi ndiyo kazi yangu. Kijidudu kina jeni, yaani maagizo yake ya kuishi, kama elfu nne, na hakizitumii zote kwa pamoja. Kikimezwa kinazima hizi, kinawasha zile: za kula mafuta, za kuvumilia tindikali, za kugombania madini ya chuma. Seli nayo inawasha zake za kupigana. Mimi nasoma pande zote mbili, najua kijidudu kiko wapi na kinafanya nini bila kukiuliza. Umbea mtupu, ila una mshahara.

Siku nyingi nikiwa kazini nalikumbuka lile dirisha.

Binti yako,
Nukta

2 Machi

Mwanangu Nukta,

Marahaba. Mimi mzima wa afya, wasiwasi wangu ni wewe uliye mbali. Barua yako nimemsomea shangazi yako, akauliza, "Kwa hiyo anakaa kuchungulia wadudu?" Nikamwambia ndiyo, tena ni mpanga herufi kama baba yake. Sijui kama ameelewa, lakini mimi nilifurahi mpaka nikashindwa kula.

Dirisha nami nalikumbuka. Daktari alisema usiingie, ukahamia kwa shangazi yako ng'ambo ya uwanja, na kila jioni ulikuja na kigoda chako kulia chini ya dirisha langu. Mama yako hakuwepo tena wa kukubembeleza. Nikakata herufi kubwa magazetini, nikazibandika kwenye kioo kwa uji mzito, uso ukiwa upande wako. Mimi nilizisoma kinyumenyume, kama herufi za kiwandani, jambo ambalo ndilo lililonilisha maisha yangu yote. Neno lako la kwanza lilikuwa "kuku". Ulipoiva katika kusoma ukaanza kuniomba nibandike "ingia". Kila jioni "ingia", na kila jioni nilikubandikia "kesho".

Hapa hakuna jipya. Kitanda nimekihamishia kile chumba cha dirisha, kina hewa. Kikombe changu cha bati cha zamani nimekifufua, nimekitundika kwenye msumari wake. Mkanda nimeutoboa tundu jingine, uzee unakausha tumbo. Shangazi yako siku hizi tunaongea yeye akiwa nje, anadai ndani kuna joto.

Baba yako

20 Machi

Baba,

Shikamoo. Leo sikuulizi hali, maana jibu lako nalijua.

Kikombe kimerudi kwenye msumari. Kitanda kimerudi dirishani. Shangazi, ambaye hajawahi kuongea na mtu bila kumkalia kitandani, yuko nje. Mkanda umeongezwa tundu. Mambo haya yote yalizimwa ulipopona, mwaka nilioanza darasa la kwanza, nawe umeyawasha tena yote kwa pamoja. Baba, unakohoa tangu lini?

Nenda kituo cha afya wakupime makohozi. Kikombe hakimwambukizi mtu, ni hewa, kwa hiyo dirisha liache wazi. Dawa zipo na zinaponya, ila uzimalize. Nakuomba kwa kila ulichonifundisha. Ukikaa kimya, naacha kazi narudi.

Nukta wako

25 Aprili

Baba,

Shikamoo. Sijapata hata mstari mmoja. Shangazi nikimpigia anasema "mzima, mzima", kama mmekaririshwa pamoja. Barua ya kuacha kazi nimeshaiandika, iko mezani. Naogopa, Baba. Nijibu.

Nukta

11 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mimi si mzima.

Nimeandika mstari huo nikakaa nikiutazama. Makohozi yamepimwa, ni chenyewe, kimerudi. Shangazi yako usimkasirikie, nilimwapisha asikuambie. Ugonjwa huu ulikwisha kuninyang'anya mtoto mara moja. Ulianza kung'oka meno nyuma ya kioo, nami nimekaa ndani nakutazama. Sikutaka ukunyang'anye na kazi yako. Nikasema nitakohoa taratibu, hutasikia. Sikujua kwamba nimemsomesha mtu wa kunisoma.

Dawa nimeanza. Muuguzi ni binti mdogo lakini mkali, ananisimamia mpaka nimeze, kisha ananiambia nifungue mdomo. Nimemwambia mwanangu ndiye anayewapeleleza hawa wadudu. Akasema, "Basi aharakishe, mzee."

Hiyo barua ya mezani ichane. Maliza kazi yako, uje dawa zikiisha.

Baba yako

3 Juni

Baba yangu,

Shikamoo. Nimeichana. Nililia, halafu nikaenda kuosha chupa za maabara, maana ilikuwa zamu yangu.

Nimeomba likizo ya mwisho wa Novemba. Tafadhali usiniandikie tena kwamba u mzima. Niandikie kikombe kiko wapi.

Nukta

14 Novemba

Nukta wangu,

Marahaba, na marahaba nyingine ya akiba.

Kikombe sijui kiko wapi. Shangazi yako amekichukua kupimia unga, na mimi nanywea chochote ninachokuta. Tundu jipya la mkanda halina kazi. Shangazi yako mwenyewe huyu hapa, amenikalia kitandani, amenibana mguu, na anasisitiza nikuulize kuhusu magoti yake. Muuguzi amenipa karatasi ya kumaliza dawa. Alitaka kunipa mkono, nikampa yote miwili.

Kitanda sijakihamisha, nimekizoea chumba hiki. Jana nilitafuta magazeti na mkasi. Mikono inatetemeka siku hizi, herufi zimekaa upogo, na fundi wa zamani angenikata mshahara. Uji nilipika mwenyewe.

Ukifika usigonge mlango kwanza. Zunguka upande wa dirisha, usome. Kigoda chako nimekiweka pale pale, ingawa sasa hukihitaji. Ni neno moja tu, mwanangu, na safari hii si "kesho".

Baba yako