Simu si ya Lekishon, laini ndiyo yake

Karatu, Jumatano, Julai 2009

Ukungu haujaondoka tangu asubuhi na vidole vyangu vimekufa ganzi kwenye kibodi. Nimekasirika, na wa kumkasirikia ni mimi mwenyewe.

Lekishon huongoza wageni wanaotembea kwa miguu kutoka kijiji cha Nainokanoka, karibu na kreta, yeye na punda wake wawili. Kampuni ninayoifanyia kazi imeanza kuwagawia waongozaji safari zao kupitia tovuti niliyoijenga: mtu anafungua ukurasa kwenye simu, anabonyeza "Nakubali" kabla ya saa sita mchana. Asipobonyeza, safari inakwenda kwa mwingine. Jumatatu, safari yake ya kwanza kwa njia hii, Lekishon hakubonyeza. Bosi wangu, Mama Urio, akasema, "Hawa watu wa maboma, ng'ombe akipotea tu, kazi basi." Akaniagiza nimfute kwenye orodha ya msimu mzima.

Leo Mama Urio yuko Arusha. Lekishon kafika ofisini juu ya lori la viazi, shuka limelowa.

"Nilipanda kilima kutafuta mtandao toka saa mbili," aliniambia. "Ukurasa ukaanza kufunguka, picha ya kreta ikashuka pole pole mpaka mgongo wa tembo, ikagoma. Nikarudia mpaka chaji ikaisha. Kreta naiona kila siku, dada. Nilitaka kile kitufe tu."

Akanionyesha simu. Kasimu kadogo, kioo chake hakizidi kiberiti. Mbona kalipelekewa ukurasa wenye mapicha?

Nimeshinda na swali hilo, umeme umekatika mara mbili. Kila kivinjari kikiomba ukurasa hujitambulisha kwa maneno machache, na programu yangu huyasoma ili iamue: simu ndogo, simu kubwa au kompyuta. Simu ndogo hupewa maandishi na kitufe, basi. Sehemu hiyo iko sawa. Niliijaribu kwa kila simu niliyoweza kuazima mtaani.

Kosa ni ujanja wangu. Ili isihangaike kusoma kila mara, niliiambia isome siku ya kujiandikisha tu, kisha imkumbuke mtu kwa namba yake. Siku ile Lekishon aliazima simu ya shemeji yake dereva, yenye kioo kipana. Tangu hapo programu inamjua kuwa mtu wa simu kubwa. Jumatatu akaweka laini yake kwenye simu ya jirani, kale kasimu kadogo.

Nani asiyefanya hivyo?

Kwetu Baray nyumba tatu tulitumia simu moja. Mama alifunga laini yake kwenye pindo la khanga, akitaka kunipigia anakwenda kuomba simu kwa jirani. Nimekulia humo. Halafu nikakaa kwenye kiti cha ofisi nikaandika programu ya watu ambao kila mmoja ana simu yake.

Kurekebisha kulikuwa kufuta mistari minne. Sasa inasoma kila mara, na simu isiyoijua inapewa ukurasa mwepesi.

Kinachoniuma si hicho. Lekishon alipokuwa anaondoka aliniomba radhi. Yeye. Akasema labda hajui kubonyeza vizuri, nimfundishe. Nami nikajibu, "Tutaangalia, kaka," kwa sababu niliogopa kupoteza kazi yangu.

Jina lake sijalifuta. Kesho Mama Urio akirudi, kabla hajavua koti, nitamwambia aliyekosea ni nani. Akitaka kufuta jina, afute langu.