Boma la Eithne

Gortnabó, Clare
9 Machi 1967

Kwako mdogo wangu Colmán,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Boston, wewe na wifi yangu. Sisi hatujambo. Mama goti linamsumbua, ila ulimi hauna ugonjwa. Juzi alimwambia kasisi kwamba mahubiri yake ni marefu kuliko Kwaresima yenyewe. Ng'ombe wawili wamezaa.

Barua yako nimeipata. Shamba baba alikuachia wewe, na ukitaka lile boma la kale lisawazishwe liwe malisho, mimi nani nikubishie? Lorcán wa katapila alisema atakuja Jumatatu. Lakini hakuna mwanamume hapa anayekubali kuukata ule mti wa miiba wa katikati. Wanasema atakayeugusa, wale viumbe wa chini ya ardhi hawatamwacha amalize mwaka. Lorcán akawacheka. Kesho yake akanijia kwa upole, kuuliza kama nina maji ya baraka. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Sasa nisikilize. Wiki iliyopita alikuja mpima ramani kutoka Dublin. Akasema boma lina zaidi ya miaka elfu moja, mkulima fulani aliishi mle na ng'ombe zake. Akauliza kwa nini linaitwa la Eithne. Majirani waliojaa jikoni kwetu wakamshibisha habari za malkia Eithne, aliyezikwa mle na ng'ombe weupe saba. Naye akaandika yote. Mimi nilikuwa namimina chai, nikaimwaga mezani.

Colmán, malkia hakuwapo. Nilimzua mimi, nikiwa na miaka tisa.

Kabla hujazaliwa, mama alijifungua mtoto wa kike, aliyekufa kabla ya kubatizwa. Unajua ilivyokuwa zamani, watoto kama hao makaburini ya kanisa hawakupokelewa. Alfajiri baba akaenda kumzika bomani, wengine walikozika wachanga wao, na kile kisanduku nilikibeba mimi. Kilikuwa chepesi mno. Baba akanikataza nisimtaje tena nyumbani. Hata jina hakupewa, na hilo liliniuma sana, nikampa mwenyewe: Eithne. Kisha shuleni nikawaambia wenzangu kuna malkia mle, ili nisikie jina lake likitajwa. Wakawaambia wazazi wao, na boma likaitwa hivyo mpaka leo. Miaka arobaini na mbili nimelificha hili, hata kwa mama.

Basi mpima alipokuwa akifunga daftari, mama akasema pale pale kando ya moto: "Mfute huyo malkia, mwanangu. Eithne ni binti yangu."

Yule bwana akavua kofia, akafuta, akaandika upya. Kumbe mama alijua siku zote.

Lorcán nimemwambia abaki kwake mpaka utakapojibu. Kasisi amekubali kuja kuibariki ile ardhi baada ya Pasaka, kama bado itakuwapo. Uamuzi ni wako, mdogo wangu, na wewe nakujua.

Mama anauliza kama unavaa zile soksi za sufu. Mpe wifi salamu zetu.

Ni sisi dada zako,
Sorcha na Eithne