Naogopa Dawa ya Jino Itamuua Mume Wangu Mara ya Pili

Mpendwa Bi Noreen wa gazeti letu, nisaidie maana shavu limenivimba kama andazi na binti yangu Eleni ameninunia, na kosa langu ni kwamba sitaki kumeza dawa. Nilikuwa mke mkimya, hapa mjini Renmark wote wanajua, hata uwanjani kwenye mechi nilikuwa nakaa nyuma kabisa na chupa yangu ya chai ya maziwa, mume wangu Vasili ndiye aliyekuwa mdomo wa nyumba, anagombana na refa, anaimba akipogoa mizabibu, anakula zeituni asubuhi asubuhi, halafu nikaugua tumbo, kuhara kusikoisha baada ya antibiotiki nyingi, mpaka madaktari wa Adelaide wakachukua kinyesi cha Vasili, wakakitengeneza wanavyojua wao, wakanipandikizia tumboni ili bakteria wake wazuri wawafukuze wangu wabaya, nami nikapona. Lakini Bi Noreen, sikupona tu, nilibadilika! Nikaanza kutamani zeituni, nikaanza kuimba jikoni, siku moja nikasimama uwanjani nikamwambia refa akapimwe macho, Vasili akacheka mpaka akakalia kofia yake, akasema, "Haya, wamekupa na mdomo wangu!" Tukaishi kwa raha, naye akawa ametulia, miaka yake ya mwisho akipenda kukaa nami ukingoni mwa mto bila neno, kikombe cha chai ya maziwa mkononi, yeye aliyekuwa akiiita maji ya kuoshea vyombo.

Mwaka jana moyo wake ukasimama. Nimelia sana, lakini sina upweke, kwa sababu nikiimba namsikia humu ndani. Sasa jino limeoza, limetunga usaha, daktari wa meno kaniandikia antibiotiki, nami nimezificha kwenye kopo la biskuti maana dawa hiyo haichagui bakteria, itamfagia Vasili wangu asibaki. Eleni alipozikuta alipiga kelele, "Mama, kweli? Utakufa ukilinda kinyesi cha baba?" Nikamwambia, "Mheshimu baba yako!" Basi akaondoka. Bi Noreen, nimeze au nisimeze?

Merle, Renmark

*

Merle mwenzangu, kwanza nimecheka, kisha nimefuta machozi, na sasa nakukaripia. Usaha wa jino si wa kuchezea. Ukiingia kwenye damu unaua, na hapo huyo Vasili unayemlinda mtazikwa naye kwenye sanduku moja.

Kuhusu bakteria na tabia, sikubezi. Tumbo na ubongo vina mazungumzo yao, na panya wa maabara wamebadilika tabia baada ya kubadilishiwa vijidudu. Kwa binadamu wataalamu bado wanabishana, wala sijasikia aliyepata bakteria wa kugombana na refa. Wewe ulikuwa mgonjwa muda mrefu, ukapona, ukajisikia kuimba. Nani asingeimba?

Halafu isome tena barua yako. Umeandika mwenyewe kwamba Vasili alitulia, akaupenda mto, akanywa chai ya maziwa. Hebu niambie, yeye alipandikiziwa kinyesi cha nani? Hakuna daktari aliyemgusa. Alikaa na wewe tu, miaka yote ile, kama wewe ulivyokaa naye. Hicho mlichopeana hakuna kidonge kinachokifikia, mama.

Sasa fungua hilo kopo la biskuti. Kabla ya kumeza chochote, mpigie daktari wa meno leo hii umweleze habari yote ya tumbo lako, maana asipojua anaweza kukurudisha kwenye kuhara kule. Azungumze na wale wa Adelaide, wachague dawa inayokufaa, na kama jino ni la kung'oa, ling'olewe. Utakachopewa ukimeze mpaka kiishe, usijifanye daktari. Eleni naye mwite akupeleke. Ameshampoteza baba, na wewe unamtisha kwa ajili ya jino!

Shavu likinywea, nenda uwanjani ukakae mbele. Refa wetu bado haoni, na hakuna mwingine wa kumwambia.