Tumbawe Aliyepelekwa Kindai

Ikungi, 2 Machi 1993

Mpwa wangu Rahel,

Salamu nyingi. Sisi wazima; mama yako anakohoa kidogo lakini shamba anakwenda. Wewe je, hapo Dar es Salaam na masomo yako ya bahari?

Jiwe lako limefika salama ndani ya soksi. Nimelipeleka mnadani ninapouza mitumba, nikawaambia nimelipigia mbizi mwenyewe, papa akanipisha. Huyo papa wakamwamini! Ila nilipowasomea barua yako kwamba hili ni mnyama, Gaspari wa mashine ya kusaga akadakia: "Antipasi, kaandika 'huyu'! Jiwe limekuwa huyu tangu lini? Lenyewe kama kizibo cha soda!" Mnada mzima kicheko. Mara moja nasema kweli, ndiyo naitwa mwongo. Nieleze vizuri nimzibe mdomo.

Mjomba wako,
Antipasi

Dar es Salaam, 19 Machi 1993

Mjomba, shikamoo.

Sijambo. Mpe mama pole ya kikohozi.

Mwambie Gaspari huyu alikuwa mnyama laini, mdomo mmoja katikati, umezungukwa na vikono vya kukamatia vidudu vinavyopita majini. Hicho kikombe cha mawe alikijenga mwenyewe, kwa chokaa ya maji ya bahari. Matumbawe wengine huishi maelfu wameshikana. Huyu hukaa peke yake, chini ya mwamba, penye kiza. Akiwa mchanga huogelea. Akishajibandika, hahami tena.

Uliyenaye ni mifupa tu, alishakufa. Nilimtuma huko ili mama naye amwone. Lakini ndiye pekee niliyempata mwaka mzima, na ripoti yangu bila yeye haina ushahidi. Mwalimu anamtaka tarehe ishirini Aprili. Tafadhali mjomba, mkabidhi kondakta wa basi aniletee.

Mpwa wako,
Rahel

Ikungi, 6 Aprili 1993

Mpwa wangu,

Natumaini u mzima. Mama yako kapona.

Gaspari alisema, "Kama ni wa maji ya chumvi, ziwa Kindai lina chumvi. Mpeleke akunjue mikono tuone." Nami nikaona labda hajafa, kazimia tu kwa kiu ya safari. Tukapanda lori mpaka Singida mjini. Nikamfunga uzi, nikamshusha. Uzi ukarudi mtupu.

Siku tatu tumepapasa tope, Gaspari naye kakunja suruali. Hayupo.

Barua niliyoanza kukuandikia ilikuwa na kiboko aliyemmeza. Nimeichana. Hakuna kiboko, Rahel. Ni mimi.

Mjomba wako,
Antipasi

Dar es Salaam, 24 Aprili 1993

Mjomba, shikamoo.

Mimi mzima wa mwili. Mwalimu amenipa mpaka Julai nitafute mwingine. Nisipompata, narudia mwaka.

Nimekasirika, siwezi kukuficha. Nakuomba kitu kimoja: mpaka nikuandikie, usimsimulie mtu lolote. Si Kindai, si papa.

Rahel

Ikungi, 30 Mei 1993

Mpwa wangu Rahel,

Hatujambo. Mtama umekubali.

Mnadani wananiuliza naumwa nini.

Mjomba wako,
Antipasi