Nadhiri ya Barafu

Mama yangu mpenzi,

Nakubusu mkono, ndani na nje. Kabla Khadija hajaanza kukusomea haya, nimemwomba akuwekee pembeni bilauri ya maji ya ukwaju, aifunike kwa kisahani. Ndani yake mna barafu. Najua umeshakunja uso na mkono unakuwasha kuisukuma. Usiisukume, mama. Iache hapo hapo, unisikilize mpaka mwisho, halafu uamue mwenyewe. Nawe dada Khadija, soma yote, hata yale ya kuniaibisha, usiniruke hata neno moja.

Ninakuandikia kutoka kwenye kibanda cha mbao huku mlimani. Nchi hii ya Norwei ina vituko vyake. Katikati ya baridi, wakati mtu mwenye akili angejifungia ndani, wao hufunga shule wiki nzima ili watoto wakacheze na theluji. Likizo, ati. Mkweo Swaleh amewatoa watoto nje tangu walipomaliza chai, nami nawaona dirishani. Zuhura kavaa mpaka kabaki macho tu, na mdogo wake amelala chali kwenye theluji anapiga mikono kama aliyelala mchangani pale ufukweni kwetu. Hawaitiki wakiitwa kula. Na mimi mwenyewe, mama, viatu vyangu viko mlangoni vimelowa, kwa sababu nimeingia sasa hivi tu. Shika neno hilo, nitalirudia.

Unaikumbuka barafu ya sokoni? Mwezi wa Ramadhani, magharibi ikikaribia, ulikuwa ukinituma kwa wauza samaki nikakuletee kipande. Nilikibeba kimeviringishwa gunia, kinanuka samaki wa changu, maji yananichuruzika mpaka kwenye kisigino. Ulikuwa ukikiosha, ukakivunja kwa mchi, ukakitia kwenye jagi. Adhana ikilia wenzio wote walianza kwa tende, wewe tende uliitafuna haraka haraka kwa sababu ni suna, kisha ukatia kibonge cha barafu shavuni ukafumba macho, na mtu akikuita humjibu. Marehemu baba alikuwa akikutania kwamba laiti angejua, mahari yako angeleta barafu tupu. Nyumba nzima tulijua kuwa duniani hapa hukuomba mengi, lakini barafu uliipenda.

Na safari zile za kisiwani Chovae, kwa bibi. Kule hakukuwa na umeme wala barafu, basi wewe uliibeba kutoka kwetu Kismayo, umeizika ndani ya gunia la unga wa mbao ulioombwa kwa mafundi wa mashua, na njia nzima umeikalia ubavuni hutaki mtu ailegeze kamba. Tulipofika ilikuwa imebaki ndogo kama yai. Hukuilamba hata mara moja. Ulimtia bibi kinywani kwa vidole vyako, bibi akaruka, akacheka mpaka mtandio ukamdondoka. Mimi nikaangua kilio, nataka na mimi. Nilikuwa mtoto wa kulia, wewe wajua. Ukanivuta kando ukaniambia kwa upole kabisa, "Hii ni ya mamangu." Nikanyamaza, ila nilinuna siku nzima.

Sasa mtoto yule wa kulia ndiye Mungu akamleta kwenye nchi ya barafu. Mwaka wa kwanza nililia kweli, wallahi. Nilivaa magauni ya dira, moja juu ya jingine, koti juu yake, na baridi ikapita zote ikaja kukaa kwenye mifupa. Machozi yaliganda kwenye kope nikadhani nimepofuka. Jua lilichomoza likiwa limechoka, hata sijamaliza kuosha vyombo vya mchana, magharibi hiyo. Nilianguka mbele ya duka na trei ya mayai mkononi, na jirani yangu mmoja, bibi wa makamo, akaja kuniinua, akanionyesha jinsi ya kutembea kama bata, magoti yamelegea, miguu imepanuka. Nilimtazama nikafikiri, hivi nimelelewa na mama mzima ili nije nifundishwe kutembea ukubwani?

Jioni ile nilikupigia simu. Nililia tu. Ukauliza nani amekufa. Nikasema hakuna aliyekufa, ni baridi, mama, ni baridi. Ukasema kwa sauti, na Khadija alikuwapo ni shahidi: "Ya Rabbi, barafu haitaingia kinywani mwangu mpaka mwanangu aache kulia kwa baridi." Khadija akaguna. Mimi nililia zaidi, lakini nikuambie kweli, nilifarijika. Nilijiona si peke yangu tena.

Nadhiri ile ulikuwa unaiwekea mwezi wenu wa joto, mama. Hilo sikulifikiri. Huku kukiwa baridi kali, huko kwenu kaskazi inawaka, paa la bati linalia, hata paka anatafuta pa kulala pasipo na mchanga wa moto. Huo ndio wakati ambao wewe ulikuwa ukiishi kwa barafu yako. Ukaiacha. Wageni wakaletewa sharubati ya baridi, wewe ukanywa maji ya mtungi. Ramadhani ikaja, watoto wa Khadija wakakuonea huruma, wakakubembeleza kwa Kisomali chao, "Ayeeyo, bibi, kidogo tu," ukawaambia barafu ni ya samaki. Kila mtu mtaani akajua. Hata mimi nilikuwa nikiwasimulia wenzangu huku kwa majivuno, mwaona mama yangu alivyo.

Basi sikiliza sasa, na usinikatize, ingawa huwezi kunikatiza.

Mwaka wa tatu Zuhura alinivuta tukapande kilima cha nyuma ya nyumba na kigari chake cha kutelezea, kile kisicho na magurudumu. Nilikaa nyuma yake nikisoma kila dua niliyofundishwa chuoni. Tulishuka, tukapinduka, theluji ikaniingia shingoni mpaka mgongoni. Nikasubiri nilie. Badala yake nikacheka, mama. Nilicheka nikiwa kifudifudi, watu wananitazama. Nikasema turudie. Tulirudia mpaka mtoto mwenyewe akachoka akaomba nyumbani.

Tulipoingia tu ndani, simu ikalia. Ilikuwa wewe. Mashavu yangu yalikuwa yamewiva, pua inavuja, pumzi juu juu. Ukaniangalia kwenye kioo cha simu ukasema, "Bado unalia, mwanangu?"

Nikavuta mtandio usoni. Nikasema, "Baridi, mama."

Hayo maneno mawili ndiyo ninayoyaandikia barua hii. Tangu siku ile sijalia kwa baridi hata mara moja. Nimejifunza kuvaa zile mbao ndefu miguuni na kuteleza nazo, nashuka mlima kwa utaratibu wangu, Swaleh akiniambia nimejikunja kama mtu anayetafuta pini. Naijua theluji ya kukanyagika na isiyokanyagika. Ikichelewa kuanguka naulizia, imekwama wapi mwaka huu? Na kila kaskazi yenu, ukinipigia, nimekuwa nikishusha sauti, navuta pua kidogo, nasema tunavumilia, mama, tuombee. Ukaniombea. Ukaenda ukakaa na maji yako ya mtungi.

Kwa nini? Nimejiuliza sana. Sababu ya kwanza ni ndogo na ya aibu: nilipenda kuhurumiwa. Huku mimi ni mtu mzima, nafanya kazi, nalea, hakuna anayeniita mwanangu. Kwako nilikuwa mtoto anayelia, na mtoto anayelia hubebwa. Lakini ya pili ndiyo kubwa. Siku ninaondoka Kismayo ulinishika kichwa ukanisomea, na mwisho ukaninong'oneza kwamba huna wasiwasi, baridi itanirudisha. Ulisema mchu, mtu wa kwetu, hazoei barafu. Ulikuwa na uhakika kabisa. Basi niliogopa kwamba siku nitakayokuambia nimezoea, utajua kuwa sirudi.

Wiki hii Khadija amenipigia. Alikuwa amekasirika hata salamu hakunipa. Amenieleza kwamba alikukuta umeanguka jikoni, umeegemea mtungi, ngozi inawaka, na daktari aliyeitwa akasema upozwe haraka, upewe maji ya barafu. Wakakuletea. Hukuwa na fahamu sawasawa, mama, hukujua hata ni mchana au usiku, lakini kikombe kilipokugusa mdomo na ukahisi barafu, ulifumba meno. Wakajaribu tena, ukafumba meno. Ikabidi wakukande kwa vitambaa mpaka ukarudi. Halafu Khadija akaniambia neno ambalo sitalisahau: "Wewe unalilia baridi huko, mama anakufa kwa joto huku. Kama kweli unalia, lia. Kama hulii, mwambie."

Nilikuwa nimesimama mlangoni pa kibanda hiki, mama, nimevaa kofia ya sufu, uma wa soseji mkononi, watoto wanaota moto nje. Nilikuwa na furaha mpaka dakika ile. Wewe ulifumba meno kwa ajili ya machozi ambayo mimi niliyamaliza zamani. Nimejaribu kulitia neno hilo lugha nyingine iliyo laini zaidi, nimeshindwa.

Zuhura aliniona nimekaa chini akaja kuuliza. Nikamsimulia, kwa sababu sikuwa na uongo mwingine uliobaki. Nikamwambia bibi yako hali barafu mpaka mimi niache kulia kwa baridi. Mtoto akanitazama, hakunilaumu wala nini, alishangaa tu. "Lakini wewe hulii," akasema. Kisha akarudi nje kucheza. Maneno hayo mafupi ya mtoto mimi nimeshindwa kuyasema miaka yote hii, na nina elimu, na nina ulimi.

Basi nayasema. Silii, mama. Baridi haijaniliza kwa muda mrefu. Wajukuu zako ni wazima, wana nguo nzito, wana mashavu. Wanakula vizuri mno. Swaleh ameongezeka tumbo. Na hilo jingine nalo nalisema, kwa sababu nikiliacha nitakuwa nimekudanganya tena kwa mlango wa nyuma: sirudi kukaa. Nitakuja kukuona, tutakuja sote, shule zikifungwa kwa muda mrefu, na nitakupeleka Chovae kwenye kaburi la bibi kama unavyotaka. Lakini watoto hawa wamekua na theluji, na mimi, Mungu anisamehe, nimeipenda; ndiyo maana viatu vyangu vya pale mlangoni vimelowa. Napata haya kukuambia naipenda kuliko nilivyopata haya kukuambia nateseka. Nadhani hilo ndilo kosa lenyewe, kuona kwamba raha yangu ni dhambi kwako. Hukuweka nadhiri ili niteseke vizuri. Uliweka ili niache.

Khadija ananiambia utataka kufunga siku za kafara kabla ya kunywa, kwa kuchelea kuvunja kiapo. Usifunge, mama. Hukuvunja kitu. Nadhiri yako ilikubaliwa siku ile nilipopinduka na mtoto kilimani nikacheka. Ilikubaliwa siku nyingi, ila mwenye habari alikuwa mimi peke yangu, nikaikalia. Kafara kama ipo ni yangu, nami nimeshaanza kuifunga huku.

Usinijibu haraka. Ukitaka kunikasirikia, kasirika, una haki, hata kama utamwambia Khadija asiniunganishe simu mwezi mzima. Ukitaka kulia kwa sababu sirudi, lia, nami zamu yangu itakuwa kukuombea. Nitapokea chochote. Ila sitavuta mtandio usoni tena. Ukinipigia ukanikuta nimewiva mashavu, ujue nilikuwa nacheka, na unicheke.

Sasa ile bilauri. Khadija anasoma polepole, na chumba chenu kina joto, kwa hiyo barafu itakuwa imepungua. Nimemwambia atie vibonge vikubwa kwa sababu nilijua nitaongea sana. Kama kimebaki kimoja, hata kidogo kama yai, kinatosha. Mwambie Khadija afunue kisahani. Watoto wakija wakitaka, waambie wangoje.

Hiyo ni ya mamangu.

Mwanao wa mwisho, yule wa kulia