Maji ya Betri kwenye Zinki Yako

Huruma, 1996

Baba,

Nimechukizwa, na nikikuficha nitakuwa kama wao. Betri yako imekufa. Ndugu yako Wafula ameiua, nami nilimsaidia kwa kunyamaza.

Siku ya tatu baada ya kukuzika kule nyumbani, tulipokwisha kunyolewa nywele, wazee waligawana vitu vyako kama ilivyo desturi. Koti, baiskeli, redio. Wafula akataka ile paneli ya sola iliyo juu ya mabati huku Huruma, pamoja na betri yake. Nikasema betri ni yangu, tuliitengeneza pamoja. Akanicheka. "Wewe utaolewa. Unataka kupelekea nani hiyo kitu?" Wazee wakaangalia chini. Na ni huyu huyu aliyekuwa akikuita mwokota taka! Ulipopita na mfuko wa mawe ya redio, zile betri kavu, yaliyokwisha, aliziba pua. Matangani alilia kumshinda mama, kamasi hadi kwenye tai, eti ulikuwa mhandisi wa ukoo.

Nakumbuka tulivyoyapasua yale mawe pale mlangoni, vidole vyeusi ti. Mimi nilikung'uta ule unga wa ndani, wewe ukayeyusha makopo yake ya zinki kwenye jiko la makaa. Betri nne ziliharibika. Ya tano ikaweka jua la mchana, na jioni stima ilipopotea mama akaendelea kushona. Kila Jumamosi uliiacha iishe kabisa, ukatoa sahani za zinki ukazisugua kwa mswaki. "Zinki ikishiba kila siku huota miiba," ulisema, "na mwiba mmoja unatosha kuiua." Mwaka mzima hukuniruhusu kuushika huo mswaki. Siku uliponipa, nilijua nimehitimu.

Wafula aliipeleka kwenye baa yake karibu na Soko la Burma, watu waione. Hakuniuliza inatunzwaje. Wiki ya tatu taa zikafifia. Nikakutana naye njiani amebeba chupa kutoka gereji, meno yote nje. "Naiongeza maji ya betri, ile ya gari. Si zote ni betri?"

Asidi, Baba. Asidi juu ya zinki. Nilijua itachemka na kuila yote. Ningesema tu, "Usitie hiyo." Nikasema, "Sawa, anko," nikaenda zangu nikitabasamu. Niliona heri ife kuliko kumpa yeye sifa.

Jana nilikwenda kuitazama. Sahani zimetoboka kama majani ya sukuma yaliyoliwa na viwavi, na beseni ulilozipanga ndani linanuka lote. "Si nilisema ni takataka ya mzee," akasema, na wateja wake wakacheka. Wakakucheka wewe. Nami nikaondoka.

Namchukia Wafula, sitakudanganya. Lakini ninayemwonea kinyaa zaidi ni yule binti aliyetabasamu.

Kesho nitarudi pale baa, wateja wakiwa wamejaa, niseme betri yako ilikuwa nzima na mimi ndiye niliyeiacha iuawe. Wacheke. Wanicheke mimi.

Pumzika, Baba. Nimeshaanza kuokota mawe. Nitatengeneza nyingine, na yeyote atakayekaribia na chupa ya gereji nitamzuia, hata akiwa Wafula.

Binti yako,
Nekesa