Maneno ya Mkweo Juu ya Hamisi

Naseem, Riyadh

Mamangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute magoti yamepoa, presha imetulia, na paa la jikoni limepata fundi. Sisi huku tu wazima wa mwili. Nasema wa mwili kwa sababu kwingine hatujambo kidogo sana, nawe wajua, ndiyo maana simu zangu hupokei. Sikulaumu, Mama. Barua hii nimempa Zuhura, muuguzi mwenzangu hapa kliniki, anakuja Mombasa kwa likizo. Nimemwomba akutie mkononi mwenyewe.

Nataka uyasikie kwangu tangu mwanzo, maana ulichoonyeshwa na majirani ni kipande tu.

Wamjua mkweo. Tangu Athumani aache kriketi, moyo wake haujatoka uwanjani. Hapa ni msimamizi wa ghala, na huko ghalani hakuna ajuaye kwamba aliwahi kuichezea nchi. Sasa yule kapteni wake wa zamani, Kapteni Bakari, ambaye yuko Jeddah, akaanzisha kipindi cha kwenye simu. Kila timu yetu ya taifa ikicheza, wao wakongwe wanakaa kuchambua. Mwanzoni nilifurahi. Nilimwona mume wangu akipiga pasi shati kabla ya kuzungumza, uso umenawiri. Lakini timu ikawa inafungwa, na wao wakagundua kwamba wakitukana ndipo wasikilizaji wanapojaa. Kapteni alikuwa akimwambia, "Athumani, leo ulikuwa baridi. Watu wanataka pilipili!"

Nami nikakosea hapa. Mdogo wangu Hamisi alinipigia baada ya arobaini ya Baba, akaniambia hana raha uwanjani. Nikamwambia, "Zungumza na shemeji yako, yeye ameyapitia." Wakazungumza faragha, wao wawili. Sikuuliza waliambiana nini. Nilimshukuru Mungu tu kwamba ndugu yangu amepata mtu mzima wa kumshika mkono.

Mwezi uliopita tulikwenda umra. Tulipotoka Makka tulifikia kwa Kapteni, nyumbani kwake Aziziya, Jeddah. Siku ya pili yake ilikuwa ile mechi. Hamisi, kapteni wa timu, mpira ulipanda juu ukamjia mikononi, mpira ambao Mama hata wewe ungeudaka, akauangusha. Tukashindwa, na timu ambayo zamani ilikuwa ikija kwetu kujifunza.

Wakaweka simu mezani wakaanza. Mama, nywele alizonyoa umra zilikuwa hazijaanza kuota tena kichwani mwa mume wangu. Kapteni akauliza, "Haya, Athumani, mpira ule vipi?" Akasema, "Yule hakuwa anadaka mpira. Alikuwa anapokea muhogo wa moto kwa muuzaji, anaogopa kuungua!" Nilikuwa nyuma yao na sinia la kahawa. Nilicheka. Kile kicheko cha mwanamke ulichokisikia, ulichomuuliza mke wa Hamisi ni cha nani, ni changu. Nilicheka kwa sababu wote walicheka, na kwa sababu nilidhani yataishia pale.

Kapteni akasema, "Lakini wewe ni shemeji yake, utamtetea." Hapo Athumani akavimba. "Sitetei mtu. Mimi mwenyewe ameniambia, tangu babake afe mikono yamtetemeka mpira ukija juu. Kisha analia! Sasa huyo ni kapteni au ni mfiwa?"

Nikaweka sinia chini. Nikasema, "Athumani," kwa sauti ndogo. Hakugeuka. Wasikilizaji walikuwa wanazidi kuingia, na Kapteni alikuwa anamwonyesha kidole gumba.

Njia nzima ya kurudi Riyadh nilimwambia, "Ile ilikuwa siri ya mtu." Akajibu, "Mimi nimechambua kriketi. Angedaka, ningemsifu."

Kufika kwetu kipande kile kilikuwa kimeshaenea. Hamisi akaitwa na wakubwa wa timu, akawaachia ukapteni kabla hawajamwomba. Nilimpigia huku nalia. Akaninyamazisha yeye, yeye mdogo wangu. Akasema, "Dada, kama ni kucheza vibaya, nilicheza vibaya, aseme. Lakini yale nilimwambia shemeji yangu. Sikumwambia mtangazaji." Akauliza kama ni mimi niliyecheka. Nikasema ndiyo. Akasema simu yake inaisha chaji.

Mama, tangu siku hiyo nikikutana na Wakenya wenzetu kliniki napita mlango wa nyuma. Wengine wananipongeza: "Mzee wako anawapasha kweli!" Hiyo pongezi naiona chungu kuliko tusi.

Ijumaa moja Athumani akaniomba nimpeleke kwenye uwanja wa vumbi nje ya mji, ambako Wapakistani na Wahindi hucheza siku ya mapumziko. Siku hizi naendesha mwenyewe. Mmoja wa ghalani kwake alikiona kile kipindi, ndipo wakajua alikuwa nani. Wakampokea kama mfalme. "Ustadhi, yalla, turushie!" Wakampa mpira, na kuukabili wakamweka dereva mmoja wa lori, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe.

Athumani alikimbia, akarusha, mpira ukaanguka katikati ya njia. Akarudia, ukaenda pembeni kabisa. Nilimwona akishika bega. Hakuna aliyecheka, Mama. Hata mmoja. Wakapiga makofi, wakasema, "Mafi mushkila, hakuna shida, ustadhi, tena." Wa tatu ulikwenda taratibu kama umetupiwa mtoto, na yule dereva, ambaye alikuwa akiwapiga vijana mipira mpaka barabarani, akapunga gongo lake hewani na kuuacha mpira uangushe vigingi. Kisha akashika kichwa, eti amezidiwa. Wakamkumbatia Athumani.

Tukaingia garini, tukarudi hadi karibu na nyumbani. Akasema, "Aliukosa makusudi."

Nikasema, "Niliona."

"Hana udugu nami, mtu yule. Amenisitiri." Akageukia dirishani, nami nikaendesha.

Kesho yake alimpigia Kapteni, akataka apewe kipindi kizima aombe radhi. Kapteni akakataa. "Ukiomba radhi, watu watasema sote waongo. Halas, jambo limeshapita." Wakagombana, na Athumani ametoka kwenye kipindi. Akajirekodi kwa simu yake mwenyewe, akasema hadharani kwamba alivunja amana ya mtu aliyefiwa, na kwamba wao pia enzi zao walishindwa mara nyingi, ila hakukuwa na mkongwe wa kuwavua nguo. Walioisikiliza ni wachache. Wengine walimwandikia kwamba amekuwa laini. Hamisi ametumiwa na hajajibu.

Nakuandikia, Mama, si ili utuombee msamaha. Najua moyo wako, utamwita Hamisi, utamkalisha, utamwambia "nduguyo ni nduguyo, yaishe." Tafadhali usimwambie. Kila mtu amemchukulia kitu mwaka huu, hasira yake nayo asinyang'anywe. Akija kula kwako na asitutaje, nawe usimtajie. Nikija likizo na akawa hataki kuja nyumbani siku hiyo, usiniambie ana kazi. Niambie hataki. Nitakaa nawe jikoni, tutakula sisi wawili.

Wasalimie Bi Mkubwa, dadake Baba, na Mwalimu Rajabu aliyemfunza Hamisi kushika gongo, najua naye amekasirika. Mke wa Hamisi msalimie akikubali salamu zangu. Watoto wake wabusu bila kusema busu ni za nani.

Mwanao, ambaye aibu imemshika lakini bado ni wako,

Mwanaisha